Uso Ulionigomea

Nilikuwa nasukutua mdomo, asubuhi ya siku ya kazi, nilipogundua kwamba maji yanatoka bila ruhusa yangu. Yalipita pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto, yakateremka kidevuni na kuingia kifuani mwa shati nililokuwa nimelipiga pasi mwenyewe. Nikajaribu tena. Yakatoka tena. Nilipoinua macho kwenye kioo nikamwona mtu ambaye nusu ya uso wake imeamka na nusu bado imelala.

Nilimwita mke wangu. Alikuja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni pa bafu, akanitazama kidogo, akageuka kurudi jikoni.

"Ukichelewa usinilaumu," alisema. "Halafu nilishakwambia, mjomba wangu usimwige humu ndani."

Mke wangu hakuwa na kosa. Mimi ni mtu wa kuiga watu. Nipe dakika chache na binadamu yeyote, nami nitakurudishia mwendo wake, sauti yake na namna anavyojikuna. Mwenye nyumba wetu nilikuwa naye, mwalimu mkuu wa binti yetu nilikuwa naye, na mjomba wa mke wangu, mzee aliyepata kiharusi mwaka uliotangulia, mdomo ukaenda upande, nilikuwa naye pia. Nilimwiga mara moja tu. Au tuseme mara tatu. Ilikuwa mezani, baada ya chakula, na wageni walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Mke wangu alikusanya sahani akaondoka.

"Nana," nilimwita sasa, nikimaanisha mama, "njoo, jicho haliwezi kufunva."

Nilipojisikia nikaelewa kwa nini anazidi kwenda. Midomo ilikuwa haikutani, na kila neno lililohitaji midomo ikutane lilitoka limechakaa, sawasawa kabisa na nilivyokuwa nikimtamkia mjomba. Kilichomrudisha mke wangu ni kimya. Amezoea kwamba mtu akianza kuniacha katikati ya maigizo, napandisha sauti. Safari hii sikupandisha chochote. Aliporudi alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa beseni, jicho moja likitoa machozi lenyewe, jingine likimtazama kwa hofu. Akaweka mwiko chini.

Hospitalini daktari aliniketisha mbele yake akaniambia nipandishe nyusi. Ulipanda mmoja. Nitabasamu. Nilitabasamu kwa upande mmoja, kama mtu anayejua siri ya jirani. Nijaze mashavu upepo. Upepo ukatoka na sauti ambayo mtu mzima hapendi kuitoa mbele ya watu, nami nikamwambia daktari kwamba mpira wangu umetoboka. Hakucheka. Alisema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba, jambo linaloweza kumpata mtu yeyote. Nitameza vidonge, nitatia matone machoni, na wakati wa kulala jicho nilifunge kwa plasta lisikauke.

"Nitafona kavisa?" nilimwuliza.

"Wengi hupona," alisema, akaanza kuandika.

Njia nzima nilikuwa namtafakari huyo "wengi". Maishani mwangu mimi sijawahi kuwa katika wengi. Shuleni walipochaguliwa wengi, nilibaki. Mafua yalipowapata wachache, nilikuwemo.

Nilipumzika nyumbani siku kadhaa, mke wangu akinibandika plasta kila tukienda kulala, kwa uangalifu, kama anafunga barua ya mkwewe. Mchana nilishinda na kioo. Ungetegemea kwamba mtu katika hali ile angewaza afya yake, au familia, au hata Mungu. Mimi niliwaza Keshia atasema nini.

Nieleze kazi yetu. Nafanya kazi katika duka la miwani. Chumba cha mbele kina rafu za fremu na vioo kila upande, vingine vya kusimama, vingine vya mkononi. Mwenye duka tunamwita Mama Miwani. Yeye ndiye anayepima macho, na akiwa hana mteja hukaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha. Keshia hukaa nyuma ya kaunta, dada mmoja mkali wa kufikiri na mwepesi wa kucheka. Kazi yangu mimi ni kumketisha mteja, kumjaribisha fremu, kuikunja kidogo nyuma ya masikio ikae vizuri, na kumwambia kwamba amependeza. Nyuma kuna karakana, chumba kidogo kilichotengwa kwa mbao, ambako fundi huchonga lenzi ziingie kwenye fremu.

Mteja akishatoka na mlango ukijifunga, ndipo kazi yangu ya pili ilipokuwa ikianza. Nilikuwa namrudisha dukani. Yule bwana anayebana midomo mbele ya kioo kama anataka kumbusu mtu. Yule mama anayevuta mashavu ndani kana kwamba miwani itampunguza unene. Mama Miwani alikuwa anacheka kwa kutikisika mabega, bila sauti, na Keshia kwa kulalia kaunta. Walinipa jina la Kasuku, nami nililivaa kama cheo.

Lakini aliyekuwa ananipa chakula kweli ni fundi. Ni mtu wa makamo, mrefu, mkimya, mwenye koti jeupe lenye kola pana ambamo shingo yake hutokeza taratibu anapotaka kuona nani kaingia. Mimi ndiye niliyempa jina la Kobe. Akimaliza lenzi huiinua juu kwenye mwanga, hufumba jicho moja, huipumulia "haaa", huifuta kwenye koti, kisha huiinua tena, kana kwamba tangu mara ya kwanza huenda imebadilisha mawazo. Ukimwuliza kitu chochote, kama kazi itakwisha leo, kama mvua itanyesha, au anakula nini, husema, "Tutaona." Fundi wa miwani anayesema tutaona! Hilo tu lilinitosha kwa miaka. Mara nyingi nilipofika kwenye shingo, mashine yake ilikuwa inaanza kunguruma huko nyuma, nami ningesema, "Haya, Kobe kaamka," na hapo ndipo Keshia alikuwa anatafuta leso.

Kwa hiyo unaelewa niliyokuwa nayawaza nyumbani. Mtu anayecheka watu anajua jinsi kicheko kinavyopikwa, na ndiyo maana anakiogopa kuliko mtu mwingine yeyote. Nikaona heri niwe mpishi kuliko kuwa kitoweo. Niliandaa utani wangu mwenyewe kuhusu uso wangu mwenyewe, nikaufanyia mazoezi, nikachagua ulio bora. Nitaingia dukani nikiwa nimeinua mikono na kutangaza kwamba leo uso uko nusu bei. Watacheka, nitacheka nao, na mambo yatakwisha.

Siku niliporudi niliingia nikainua mikono. "Janani," nilisema, "leo uso uko nusu vei."

Hakuna aliyecheka. Keshia alifungua mdomo akaufunga. Mama Miwani alishuka kwenye kiti chake kirefu, jambo ambalo halifanyi hata kwa wateja wakubwa, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, baba," alisema. "Pole sana. Keti kwanza."

Sijawahi kuchukia neno pole kama siku ile. Nilirudia utani, nikidhani labda hawakusikia. Nikaongeza wa pili, wa mpira kutoboka. Keshia akatazama chini. Nikasimama pale katikati ya vioo, na kila nilikogeuka nilijiona nimeinua mikono.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke aliyetaka fremu nyekundu. Alijaribu moja, akanigeukia, akauliza, "Inanikaa?"

Nikamtabasamia. Akaivua fremu taratibu, akairudisha kwenye rafu, akasema atapita siku nyingine. Wa pili alikuwa mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri, huyo tuliendana. Wa tatu alikuja na mtoto, na mtoto akajificha nyuma ya mama yake akilia. Mchana Mama Miwani aliniita pembeni. Alizunguka sana kabla ya kufika, akataja vumbi, akataja upepo wa mlangoni usivyolifaa jicho langu, hatimaye akasema itakuwa vizuri nikimsaidia fundi kule nyuma mpaka nitakapopata nafuu.

Ndivyo nilivyopelekwa kwa Kobe.

Alikuwa ameshasogeza kigoda. Alinionyesha namna ya kuosha lenzi kwenye beseni na kuzikausha kwa kitambaa bila kuacha alama za vidole, kisha akanigeuzia mgongo akaendelea na kazi yake. Nilimwuliza kama nimeelewa vizuri.

"Tutaona," alisema.

Nikageuka haraka kumtafuta mtu wa kumkonyeza. Hakukuwa na mtu, na jicho lenyewe lilikuwa halikonyezi.

Kazi ilikuwa ya kimya. Siku iliyofuata, katika kimya kile, niligundua jambo: zile mbao hazizuii kitu. Nilimsikia Keshia akifungua droo. Nilimsikia Mama Miwani akimeza chai. Mteja alinong'ona kule mbele kwamba hana hakika na rangi, na mnong'ono ukaja kukaa karibu nami kama mgeni. Nilisikia mlango ukijifunga nyuma ya mteja yule. Kisha nikasikia sauti ya Keshia, imekunjwa upande.

"Janani, leo uso uko nusu vei."

Na mabega ya Mama Miwani, ambayo siku zote nilidhani hutikisika bila sauti, kumbe yana sauti. Kiti huwa kinalia.

"Wewe binti, acha dhambi," alisema Mama Miwani, lakini kwa ile sauti inayomaanisha endelea. Keshia akaendelea. Alinifanyia mikono iliyoinuliwa. Sikuiona, lakini nilijua kwa urefu wa kicheko. Nikiwa mtaalamu wa mambo hayo, niliona kazi ni nzuri. Alikuwa amepumzika mahali panapostahili, hakuharakisha neno la mwisho. Nilishika lenzi ya mtu kwenye beseni, maji yakiwa baridi, nikajisikia masikio yanawaka moto, yote mawili, hata lile la upande uliolala.

Hapo fundi alinyoosha mkono akawasha mashine. Ilinguruma mpaka rafu zikatetemeka. Kule mbele kukapotea kabisa. Nikatazama ile mashine, nikaona haina lenzi ndani. Lilikuwa linazunguka jiwe tupu.

Ilichukua muda kunifikia. Nilikaa na kitambaa mkononi nikikumbuka miaka yote ile ya Kobe kaamka.

Alipoizima, kule mbele walikuwa wameshahamia mambo mengine.

"Fundi," nilisema, "ulikuwa unasikia."

"Mbao hizi nyembamba," alisema.

"Vona hukusena kitu?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unaniiga vizuri." Akapulizia lenzi, akaifuta. "Shingo tu. Shingo ulikuwa unaizidisha."

Nilitaka kuomba msamaha. Nilifungua mdomo nikiwa nimekusudia hivyo kabisa, na badala yake nikasikia nikimwambia kwamba haki ni haki, na yeye aniige mimi. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani nilitaka tuwe sawa kwa njia rahisi, mimi nicheke, yeye acheke, tupeane mkono.

Fundi alifikiri. Akaivua miwani yake ya kazi, akasimama katikati ya karakana, akashusha mikono. Nilingoja mdomo uende upande. Haukwenda. Alichofanya ni kunyoosha uso ukawa mwangavu, mchangamfu, kisha macho yake yakaondoka. Yalikimbilia juu, upande wa kiti kirefu cha Mama Miwani ingawa hakikuwamo humo chumbani, yakangoja hapo kidogo. Yakaja kwa Keshia, yakangoja. Yakarudi kwenye kiti. Ndipo akainua mkono kuanza maigizo. Akaukatisha. Macho yakaenda tena kwenye kiti, na uso ukaongeza mwanga kidogo, kama mtu anayechochea jiko linalotaka kuzima.

Basi. Akavaa miwani yake akaketi.

"Huanzi mpaka umemtazama Mama," alisema. "Asipocheka unapandisha sauti. Naisikia huku ikipanda. Siku nyingine nilikuwa nakuombea acheke, upumzike, na mimi nipumzike."

Nilijaribu kucheka. Upande mmoja ulikubali. Nikamwambia kwamba yeye ni mtu mwema kuliko mimi, kwamba amevumilia mengi, na maneno mengine ya namna hiyo ambayo mtu huyasema akitaka mazungumzo yaishe salama. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ulipoingia na uso huo," alisema, "nilikwenda chooni nikacheka mpaka nikakohoa. Nikarudi hapa nikafanya kazi vizuri siku nzima. Hata mke wangu aliniuliza nimekula nini." Akainua lenzi kwenye mwanga. "Kwa hiyo usinipe wema ambao sina."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Nikarudi kwenye beseni.

Jumapili ile dada yangu mkubwa alikuja nyumbani na chupa ya mafuta ya kunikanda uso, akanilaza kwenye kochi, akaanza kunikanda kwa nguvu kama anataka unga ushikane. Mke wangu alikaa kando akichambua mchele. Nikawasimulia habari ya fundi, nikiifanya iwe ya kuchekesha, nikijipa mimi sehemu ya mjinga. Nilifika kwenye macho yanayokimbilia kiti. Dada yangu akaacha kukanda.

"Hivyo ndivyo ulivyokuwa unamtazama baba," alisema.

Nikamwambia simkumbuki vizuri.

"Ulikuwa mdogo." Akamgeukia mke wangu. "Baba yetu alikuwa akirudi kutoka kazini hujui amerudi na sura gani. Tukisikia lango, sote tunasimama ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa namsukuma huyu mbele. Nenda wewe. Anakwenda, anamtazama baba kwanza, halafu anamfanyia yule jirani yetu aliyekuwa akitembea na kifua mbele. Baba akicheka, anakaa, anaomba maji, tunakula. Asipocheka, huyu anatafuta mtu mwingine wa kumwiga, upesi, mpaka apatikane. Watu wa mtaa ule walituokoa wengi tu bila kujua." Akamimina mafuta mkononi. "Sijawahi kukwambia asante."

Nililala pale, jicho moja likitazama dari kwa lazima. Kwa kweli nilifurahi kidogo. Nilikuwa nimepata sababu, na sababu ilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili: shujaa mdogo mbele ya lango. Tayari nilikuwa nafikiria namna ya kuisimulia kazini. Mke wangu alipepeta mchele, akatoa jiwe, akaliweka pembeni.

"Baba alishafariki," alisema. "Sasa unamwokoa nani?"

Dada yangu akaendelea kukanda. Nilitambua kwamba mke wangu amekuwa na swali hilo tangu siku ya wageni. Akasema pia, kwa sauti ileile ya kuchambua mchele, kwamba mjomba ameuliza habari zangu na kwamba tutakwenda kumwona.

Nilimwomba tungoje mpaka uso urudi. Nilimweleza kwa makini: mzee ana mdomo uliokwenda upande, mimi nina mdomo uliokwenda upande, na hakuna mtu katika ukoo wao asiyejua sifa zangu. Nikiingia kwake na sura hii atadhani nini?

"Kwani alisikia?" nilimwuliza. "Nanvo ya siku ile?"

"Wageni wana midomo," alisema mke wangu. "Na yao inafanya kazi."

Tukaenda. Mkaza mjomba alitupokea, mama mpole anayesikia vibaya, akatupeleka sebuleni. Mjomba alikuwa kwenye kiti chenye mito, fimbo imeegemezwa gotini, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Nilikuwa nimepanga nisiseme sana. Lakini mtu hawezi kuingia kwa mkwewe bila salamu.

"Shikanoo, njonva," nilisema.

Ilikuwa ni yeye kabisa. Kama angekuwepo mgeni yeyote wa siku ile mezani, angeomba maji. Mjomba alinitazama. Damu ilimpanda usoni, upande mmoja zaidi ya mwingine, akaikamata fimbo kwa mkono wake mzima akairusha. Ilinipita ikagonga kabati, vikombe vikalia. Akasema maneno ambayo hayakueleweka kwa matamshi lakini kwa maana yalieleweka vizuri sana.

Nikasema, "Hafana, njonva, hafana, sikuigi." Kila neno lilizidi kuharibu. Nilikuwa mtu anayetukana kwa kuomba radhi.

Mke wangu akapita mbele yangu, akapiga magoti karibu na kiti. "Mjomba, si utani safari hii. Amepata kweli. Mshipa wa uso umevimba. Jicho nalibandika mimi mwenyewe kwa plasta. Mtazame."

Akaniita niende karibu. Nikaenda nikainama. Mzee akaniangalia kama anavyoangaliwa ng'ombe mnadani. Akanigusa shavu lililolala, akalibonyeza, akaliacha. Kisha akapandisha nyusi zake akanionyesha kwa kidole: fanya. Nikapandisha. Ulipanda mmoja. Akajaza mashavu upepo, yale mazoezi ambayo huenda aliambiwa na daktari kama wangu. Upepo ukamtoka kwa upande wake wa kulia. Nikajaza mimi. Ukatoka kwa upande wangu wa kushoto, na ile sauti.

Mjomba akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, akashika ukingo wa kiti. Alinicheka. Sitaki kukipamba kile kicheko. Hakikuwa cha watu wawili waliopatana. Alikuwa ananicheka mimi, kwa raha ya mtu aliyengoja muda mrefu, akanionyesha kwa kidole, akamwita mke wake kutoka jikoni aje aone, akanilazimisha nijaze tena mashavu mbele yake. Mkaza mjomba hakuelewa kinachoendelea, naye akacheka kwa sababu mume wake anacheka.

Utani ulinijia. Ulikuwepo kabisa, mdomoni, tena mzuri: kwamba mimi na mjomba tukiungana tunatoa uso mmoja mzima. Ungewafurahisha, na kicheko kingerudi mikononi mwangu. Nilimwona mke wangu ananitazama akiwa bado amepiga magoti, na nadhani aliuona unakuja. Nikaumeza. Nilijaza mashavu mara nyingine, upepo ukatoka, nikakaa nikachekwa. Naweza kusema kwamba si vizuri. Inaunguza, na mikono hujui uiweke wapi. Lakini niliona pia kwamba mtu hafi, jambo ambalo mwili wangu, kwa umri wote huu, ulikuwa haujaambiwa.

Alipotulia nikamwokotea fimbo. Nikamwambia kwamba siku ile mezani nilimfanyia ubaya. Sikuongeza kitu. Alipokea fimbo, akapapasa kishikio chake, akasema neno ambalo mke wangu alilitafsiri hapohapo kuwa ni "mjinga", na mkaza mjomba, aliyezoea kumsikia, akasema hapana, alisema "mjukuu". Tumeliacha hivyo.

Tukawa tunakwenda kila baada ya muda. Mjomba alinisubiri na kioo cha mkononi, tunafanya mazoezi ya uso pamoja, ananicheka, tunakunywa chai, mimi kwa mrija, yeye kwa kijiko.

Uso ulianza kurudi kwa mdomo. Siku moja nilikuwa naosha lenzi nikasema "maji" na yakatoka maji. Fundi aligeuza shingo. Nyusi zikafuata, kisha jicho, na Mama Miwani akanirudisha mbele. Keshia alinikaribisha kwa shangwe, akaniomba nimwige mteja aliyekuwa ametoka punde, bwana mmoja aliyeongea na miwani kama inamsikia. Nikamfanya kidogo. Siwezi kusema uongo kwamba nimeacha. Ugonjwa ule ulikuwa wa uso tu. Ila siku hizi naanza, nafika nusu, nahisi macho yangu yanaondoka kwenda kwenye kiti kirefu, na ladha inakatika. Keshia anasema nimezeeka. Inawezekana. Fundi simwigi, lakini hilo si fadhila kubwa: sasa najua anasikia.

Siku niliyopona kabisa nilikwenda kwa mjomba peke yangu, nimenyoa ndevu, nikiwa na haraka ya kumwonyesha. Nilisimama mbele ya kiti chake nikasema shikamoo, ikiwa na herufi zake zote. Nikatabasamu pande zote mbili. Nikajaza mashavu, na upepo ukakaa.

Alinitazama muda mrefu. Kioo cha mkononi kilikuwa magotini pake, akakigeuza uso chini. Midomo yake ilihangaika, ikalitafuta neno, nami nikangoja bila kumsaidia.

"Umeniacha," alisema.

Lilitoka wazi kabisa. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye. Mkaza mjomba alileta chai, vikombe viwili na kijiko kimoja, akaketi nasi. Chai ilipomwagika kwenye kifua cha mjomba nikachukua kitambaa nikampangusa, naye akaniachia.